Maziwa ya Mama Mkwe

Mama mkwe alishuka kwenye basi akiwa na dumu la maziwa kila mkono, na Mwalimu, aliyekwenda kumpokea, alihisi tumbo likimsokota kabla hata hajafungua kinywa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu geuka nikuone kwa hili jicho langu lililobaki. Mbona shingo imekuwa nyembamba hivyo? Huyu binti yangu anakulisha nini?"

"Nakula vizuri, Mama."

"Vizuri gani na mifupa yote inahesabika? Haya, nimekuja sasa. Shika dumu hili, na usilitikisetikise, litafanya siagi kabla hatujafika."

Mwalimu alilishika dumu kama mtu aliyepewa mtoto wa watu ambebe. Lilikuwa zito, na kifuniko kilikuwa kimefungiwa mfuko wa nailoni ili lisivuje.

Mama mkwe alikuja mjini kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Jicho la kushoto lilikuwa limeingia ukungu kidogo kidogo, mpaka akawa anamwagia chai nje ya kikombe na kuwalaumu wajukuu kwamba wamekisogeza. Binti yake, mke wa Mwalimu, alifanya kazi ya kupima macho kwenye duka la miwani, na ndiye aliyemtafutia daktari. Ingebidi akae kwao mpaka jicho lipone kabisa, mwezi mzima na ushei.

Ugeni wenyewe haukumsumbua Mwalimu. Alimpenda mama mkwe wake, na alisema hivyo hata mahali ambapo wanaume wenzake walicheka na kukonyezana. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde, mjane tangu kabla Mwalimu hajaijua familia ile. Maisha yake yote alifuga ng'ombe, kama mama yake alivyofuga, na bibi yake, na kurudi nyuma mpaka kumbukumbu inapoishia. Kila ng'ombe wake alikuwa na tabia yake, na yeye alizisimulia kama mtu anayesengenya majirani.

Tatizo lilikuwa maziwa. Mwalimu hakuwa na tumbo la maziwa. Kikombe kimoja kilitosha. Kabla saa haijapita tumbo lilianza kunguruma kama gari bovu linalopandishwa mlima, likafura, kisha ikambidi akimbilie choo, tena si kwa mwendo wa mtu mwenye staha zake.

Angesema mapema yangekuwa yameisha. Lakini siku ya kwanza alipokwenda kujitambulisha, bado ni mchumba tu, mikono ikimtoka jasho, mama mtu alimwekea kikombe kilichojaa mpaka ukingoni na kumsimulia habari ya kijana aliyewahi kuja kabla yake.

"Nilimpa maziwa kama haya, akaniambia hatumii. Hatumii! Kana kwamba nimempa sigara. Nikajua huyu hanitaki mimi wala nyumba yangu. Mtu anakataa kilichotoka mkononi mwangu halafu anataka nimpe binti?"

Mwalimu aliinua kikombe akakinywa chote kwa pumzi moja. Alisifu, tena kwa maneno mengi kuliko ilivyohitajika, kwa hiyo akaongezwa kingine. Safari ya kurudi siku ile, ndani ya basi lisilosimama ovyo, hakuwahi kumsimulia mtu yeyote, hata mkewe.

Tangu hapo ikawa ndiyo desturi. Kila walipomtembelea, alikunywa. Walikaa siku moja au mbili tu, akavumilia, wakarudi kwao. Mama mkwe akawa anatangaza kwa watu kwamba mkwewe ni mpenzi wa maziwa kupindukia, na kila mwaka kikombe kikaongezeka ukubwa.

Jambo la kuchekesha, na mkewe hakuacha kulicheka, ni kwamba Mwalimu alikuwa mtu wa mwisho duniani aliyestahili kunaswa na mtego huo. Alifundisha chuoni somo la binadamu: mwili wetu umetoka wapi, kwa nini tunatembea wima, kwa nini meno yamepungua na kichwa kimekua. Wanafunzi walimwita Mwalimu Fuvu, kwa sababu alizunguka na mafuvu ya jasi ndani ya mfuko wa sokoni, na siku moja konda wa basi alimshusha kwa hofu. Na katika somo hilohilo, kila mwaka, kulikuwa na kipindi kizima kuhusu maziwa na matumbo ya watu.

"Unawafundisha watu wazima jambo hilo hilo," mkewe alimwambia usiku ule wa kwanza, wakitandika kitanda, "halafu unashindwa kumwambia mama mmoja?"

"Wale si wakwe zangu."

"Basi nimwambie mimi."

"Usithubutu. Atasema nimekutuma. Mwezi mmoja tu, nitavumilia."

"Utavumilia wewe. Na mimi ninayelala chumba hiki je?"

Sebuleni mama mkwe naye alikuwa na malalamiko yake. Juu ya kabati la vitabu, mkabala na kochi alilotandikiwa, kulikuwa na fuvu moja la jasi lenye paji lililochongoka na taya kubwa.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

"Si mtu, Mama, ni jasi tu. Ni mfano wa fuvu la binadamu wa kale sana."

"Wa upande wako au wetu?"

"Wa kale mno, Mama. Wa wote."

"Hata kama ni jasi, asinitazame nikilala. Mtu mwenyewe hata hatujajuana."

Akalifunika taulo.

Asubuhi harufu ya maziwa yanayochemka iliijaza nyumba kabla jua halijapanda. Mama mkwe alisimama jikoni na mwiko, jicho moja likiwa sufuriani, akisubiri povu lipande ili alishushe kwa kulipulizia. Madumu yalipoisha alikuwa ameshampata muuza maziwa wa mtaani, ameshamgombeza kwa kuyatia maji, na ameshafanya urafiki naye. Kikombe cha Mwalimu kilikuwa kile kikubwa cha bati chenye mkono uliobonyea, na mama mkwe alisimama pembeni mpaka kitoe tako.

"Maliza, mwanangu. Malizia na povu, uzito wote uko kwenye povu."

Baada ya siku chache za mateso, Mwalimu alipata ujanja. Alisema anachelewa kazini, kwa hiyo maziwa atakwenda nayo. Mama mkwe alifurahi, akamnunulia chupa ya chai yenye maua mekundu, akawa anaijaza kila asubuhi. Mwalimu aliibeba mpaka getini pa chuo na kumkabidhi mlinzi, mtu mwembamba mwenye kikohozi, aliyeipokea kwa mikono yote miwili. Siku zikapita. Kikohozi cha mlinzi kikakoma, na mashavu yakamjaa. Jioni Mwalimu alirudisha chupa tupu nyumbani, mama mkwe akaitikisa sikioni, akatabasamu.

"Unaona? Hata uso umeanza kung'aa."

Uso uling'aa kwa haya.

Upasuaji ulikwenda salama. Mama mkwe alirudi nyumbani na pamba na plasta juu ya jicho, akiwa na maagizo asiiname, asibebe kitu kizito wala asikaribie moshi. Aliyafuata yote isipokuwa hilo la mwisho, kwa sababu, alisema, daktari hakufafanua kama moshi wa maziwa nao umo.

Siku aliyokwenda kuonwa tena na daktari, binti yake alimpeleka asubuhi, kisha akampandisha teksi ya kumrudisha nyumbani na yeye akarudi dukani. Mama mkwe alipofika mlangoni akakumbuka kwamba ufunguo ameuacha mezani, ndani, na mlango ule ukivutwa hujifunga wenyewe. Akampigia binti yake. Binti akampigia mumewe, lakini Mwalimu alikuwa darasani na simu ameizima. Chuo hakikuwa mbali. "Nitakwenda mwenyewe," mama mkwe alisema, "miguu haikupasuliwa." Mwalimu hakuyajua hayo yote. Alikuwa ndio kwanza ameingia kwenye kipindi cha maziwa.

Alikipenda kipindi kile. Wanafunzi wengi walikuja wakidhani mageuko ya binadamu ni habari za zamani za nyani na mapango, jambo lililotokea likaisha, nasi tukabaki tulivyo. Yeye alitaka waone kwamba liko nao, ndani ya matumbo yao, mezani kwao kila asubuhi.

"Kila mtoto mchanga anaweza kunywa maziwa," alisema akitembea mbele ya ubao. "Ana kimeng'enya, yaani kitu kidogo ndani ya utumbo kinachoikata sukari ya maziwa vipande vipande ili mwili uitumie. Akiachishwa ziwa na kukua, kwa watu wengi duniani, mwili unaacha kukitengeneza. Kwa nini utengeneze kitu usichokihitaji? Sasa mtu huyo akinywa maziwa ukubwani, ile sukari inakaa utumboni haijakatwa. Bakteria wanaipata, wanafanya karamu, na nyinyi mnajua karamu bila kelele haipo."

Darasa likacheka.

"Lakini kuna koo ambazo watu wake wanakunywa maziwa mpaka uzee na hawasikii lolote. Koo gani?"

"Wafugaji," walijibu wengi.

"Wafugaji. Zamani, kati ya watu waliofuga, walizaliwa wachache wenye badiliko dogo kwenye jeni zao. Kimeng'enya chao hakikuzimika. Miaka ya neema haikuleta tofauti kubwa. Ukaja mwaka wa ukame, hakuna kingine cha kutia kinywani ila maziwa. Mwenye badiliko anakunywa, anapona. Asiye nalo anakunywa, anaharisha, anaishiwa maji mwilini. Nani atabaki na watoto wengi? Rudia hivyo kizazi baada ya kizazi, kwa maelfu ya miaka. Ndiyo tunaita uchaguzi asilia. Hakuna aliyekaa akachagua. Na jambo hili limetokea zaidi ya mara moja, sehemu mbalimbali za dunia, kwa mabadiliko tofauti yaliyoleta tokeo lile lile."

Mkono ulikuwa juu. Kulikuwa na mwanafunzi ambaye wenzake walimwita Bwana Swali, na hakuna kipindi kilichokwisha bila yeye kulilipia jina lake.

"Mwalimu, kwa hiyo mtu akijizoeza, akanywa kila siku kwa bidii, mwili utakubali, halafu mtoto wake atazaliwa ameshazoea?"

"Hapana. Na hapo ndipo wengi wanapokosea. Huwezi kumrithisha mtoto bidii yako. Fundi chuma hazai mtoto mwenye misuli. Unamrithisha jeni ulizozaliwa nazo, basi. Ukitaka nafuu, kunywa mtindi, bakteria wameshaila sehemu kubwa ya ile sukari. Na kuhusu kujizoeza, nawaambia kama shahidi." Alisita kidogo, kisha kicheko cha darasa kikamvuta. "Mimi nina mama mkwe."

Wakaanza kucheka kabla hajaendelea.

"Mama wa heshima kabisa. Mfugaji, mtoto wa wafugaji. Anaamini kwamba hakuna tatizo la mwanamume lisilotibika kwa maziwa. Yuko kwangu sasa hivi. Kila asubuhi anasimama hapa," alisimama wima, mkono kiunoni, na kuikuza sauti mpaka ikavuka bonde, "'Maliza, mwanangu! Malizia na povu!' Nami nakunywa, maana ni mkwe, nitafanyaje? Nimejizoeza miaka sasa. Jeni zangu hazijasikia."

Darasa lilivunjika mbavu. Kuna aliyepiga meza. Mwalimu mwenyewe alikuwa anacheka, na akiwa bado anacheka aliinua macho, akaona kwamba kwenye kiti cha mwisho karibu na mlango ameketi mwanamke mrefu, mkoba mapajani, plasta nyeupe juu ya jicho moja, na lile jicho jingine limemkodolea.

Hakujua ameketi pale tangu lini. Aligeukia ubao, akaandika kitu, akakifuta.

Bwana Swali hakuona lolote. "Mwalimu, basi hao wanaokunywa ni bora kuliko sisi?"

Mwalimu aligeuka polepole. "Hapana," alisema, na sasa hakuwa akilijibu darasa. "Hakuna aliye bora. Mwili wa kila mmoja wetu umebeba habari za mahali walikoishi watu wake na walichokula. Wangu umetoka kwa watu waliolima. Wa mwingine umetoka kwa watu waliokesha na ng'ombe ili watoto wao wasife njaa. Ukiuheshimu mmoja, sharti uuheshimu na mwingine."

Jicho halikupepesa.

Kipindi kilipokwisha, mama mkwe aliwaacha wanafunzi wapite, kisha akasimama.

"Nimefuata ufunguo. Wangu nimeusahau ndani."

"Mama, mimi..."

"Umefundisha vizuri, Mwalimu," alisema, akapokea ufunguo na kuondoka.

Mwalimu. Tangu siku ya posa hakuwahi kumwita hivyo. Ilikuwa mwanangu, mwanangu, hata akigomba. Alibaki amesimama katikati ya viti vitupu, amelikumbatia fuvu la jasi, na baadaye hakukumbuka alimaliza vipi vipindi vya mchana.

Jioni alikuta meza imeandaliwa kwa adabu zote. Kikombe cha kauri chenye kisahani. Ndani, chai ya rangi, nyeusi kama wino.

"Karibu chai," mama mkwe alisema.

"Ahsante, Mama."

"Sukari iko pale."

Ndiyo maneno yote waliyosemeshana mpaka mke wa Mwalimu aliporudi kazini, akavua viatu mlangoni, akatazama vile vikombe, akamtazama mama yake aliyekuwa akikunja nguo zake na kuziweka kwenye begi, akamtazama mumewe.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa," mama yake alijibu. "Naona nitakwenda kumalizia siku zangu kwa shangazi yako. Nyumba hii ina mtu anayeteswa, sitaki niwe mimi ninayemtesa."

Mwalimu aliinuka, akaja akaketi chini, juu ya mkeka, karibu na miguu yake. "Mama, nisamehe. Nilikosa. Sikupaswa kukufanyia mzaha mbele ya watoto wale, na sikupaswa kukudanganya miaka yote hiyo. Niliogopa. Siku ile ya kwanza ulinisimulia habari ya yule kijana aliyesema hatumii."

Mama mkwe aliacha kukunja.

"Unadhani nimekasirikia tumbo?" aliuliza. "Tumbo halina makosa, limeumbwa lilivyoumbwa. Na ile sauti uliyoniigiza, hiyo nimeipenda, sikujua nina sauti kubwa hivyo. Lakini sikiliza. Nafika getini, namuulizia mkwe wangu, mlinzi wenu ananishika mikono, ananiambia, 'Kumbe wewe ndiye mama wa maziwa! Mungu akuzidishie, nilikuwa kwenye hali mbaya.' Sikumwelewa. Naingia darasani, nakuta watu hata siwajui wanaijua siri ya mkwe wangu. Mlinzi anaijua. Mtoto mwenye maswali anaijua. Mimi ninayeamka alfajiri na jicho langu la plasta ndiye sijui. Hilo ndilo lililoniuma."

Mkewe alikuja akaketi ubavuni pa mama yake na, bila kuuliza, akaanza kuzitoa nguo kwenye begi na kuziweka kwenye kochi.

"Na wewe," mama akamgeukia, "ulijua?"

"Nilijua, Mama. Mimi ndiye ninayelala naye."

Mama mkwe alitaka kubaki na hasira, lakini tabasamu lilimponyoka pembeni mwa mdomo. Alitikisa kichwa. Akapapasa plasta kwa ncha ya kidole, jambo ambalo daktari alimkataza.

"Hebu niambie lile neno ulilolisema pale," alisema hatimaye. "La kurithi. Linatoka kwa mama au kwa baba?"

"Kwa wote wawili. Kila mtu ana nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Ile ya kunywea maziwa, ukiwa nayo moja tu, inakutosha."

"Kwa hiyo huyu," alimgusa binti yake goti, "hata kama baba yake hakuwa nayo, akichukua yangu atakunywa bila shida."

"Ndiyo, Mama. Lakini kwa nini unasema baba hakuwa nayo?"

Mama mkwe alitazama kikombe cha chai ya rangi kilichopoa mezani.

"Marehemu alikuwa na desturi moja," alisema. "Asubuhi nikimimina vikombe viwili, changu na chake, anasubiri nimalize changu. Kisha anasukuma chake mbele yangu. 'Ongeza, wewe ndiye unayenyonyesha.' Nikaacha kunyonyesha, akawa anasema, 'Ongeza, una kazi nyingi leo.' Watoto wakakua, wakubwa wakaoa na kuolewa, bado anasukuma kikombe. Miaka yote hiyo nilijisifu kwa wanawake wenzangu. Nikawaambia, waume zenu wanaficha nyama, wangu ananipa mpaka maziwa ya mdomoni mwake." Akamtazama Mwalimu. "Alikulia kwa watu wasio na ng'ombe. Watu wa mashamba, kama nyinyi."

Mke wa Mwalimu aliliweka mapajani gauni lililokunjwa nusu.

"Na kabla ya hapo, watoto wangali wadogo, ulikuja mwaka ule wa ukame," mama aliendelea. "Ghala tupu. Hatukuwa na kitu ila ng'ombe mmoja aliyebaki na maziwa. Mwaka ule alikunywa, maana hapakuwa na kingine. Akaumwa tumbo, akakonda mpaka suruali inafungwa kamba. Sisi tuko nyumba moja naye, tunakunywa yale yale, tumenawiri. Watu walisema ni mkono wa mtu. Nami nilikaribia kuamini. Leo nimekaa pale nyuma, nakusikia unasema mwenye badiliko anapona, asiye nalo anaharisha, nikaona kana kwamba unasimulia nyumba yangu. Hata yale mazungumzo yako ya mama mkwe niliyasikia nusu, mawazo yalikuwa kwake."

Alimgeukia Mwalimu kabisa, na jicho lile moja lilikuwa limejaa maji.

"Sasa wewe uliyesoma, niambie. Alikuwa akinipa kwa kunipenda, au alikuwa akikikimbia kikombe?"

Kulikuwa na majibu mengi kwenye vitabu vya Mwalimu na hakuna hata moja lililofika hapo.

"Mama, elimu yangu inaishia tumboni."

Binti ndiye aliyejibu. "Angekuwa anakimbia tu, Mama, angekimwaga. Au angempa mbwa. Huyu wangu alimpa mlinzi. Baba alikileta kwako."

Mama mkwe aliinamisha kichwa. Alilia kidogo, bila sauti, akijifuta upande mmoja tu na kuukwepa ule wa plasta, huku binti yake akimpigapiga mgongo na kumwambia daktari hakuruhusu machozi. Mwalimu aliinuka akaenda jikoni kuchemsha chai nyingine. Alisimama palepale mama mkwe alipozoea kusimama, akayatazama maji mpaka yakaanza kutoa viputo.

Aliporudi na birika akamkuta mama mkwe ameshika simu, ameisogeza karibu na jicho zima.

"Mwanangu, nitafutie namba ya shemeji yako. Hizi herufi ni ndogo kama chawa."

Shemeji huyo alikuwa kaka mkubwa wa mkewe, fundi wa vigae katika mji mwingine, mtu wa maneno machache. Mwalimu alimtafuta, akaweka sauti wazi, akampa mama.

"Hujambo? Mimi mzima. Jicho linaendelea vizuri. Nina swali moja, na unijibu kweli. Maziwa yanakuumiza tumbo?"

Sauti nzito ya upande wa pili ikauliza kwa tahadhari: "Nani amekwambia?"

"Jibu."

"Tangu darasa la nne, Mama."

"Na kile kikombe ninachokupa ukija?"

"Nasubiri utoke nje kumtazama ndama."

Mama mkwe alifunika mdomo kwa kiganja. Mabega yakaanza kumtikisika, na safari hii kilikuwa kicheko, kikubwa, cha ng'ambo ya bonde, mpaka mke wa Mwalimu akamshika kichwa kwa mikono miwili akihofia plasta. "Kumbe nyumba nzima!" alisema alipopata pumzi. "Na mimi nilikuita mkaidi! Basi, mwanangu, kazi njema. Ukija nitakuwekea mtindi. Shemeji yako anasema mtindi hauna shida sana, wale wadudu wanakuwa wameshaila sukari yenyewe."

"Nimesema bakteria, Mama," Mwalimu alinong'ona.

"Wadudu ni wadudu."

Nguo hazikurudi kwenye begi. Alikaa mpaka jicho lilipofunguliwa na daktari akaridhika, na siku zilizobaki aligandisha mtindi kwenye mtungi mdogo aliouweka dirishani. Mwalimu alikunywa kidogo, kwa woga, akasubiri. Tumbo lilikaa kimya. Kikombe kilichofuata alikiomba mwenyewe.

Aliporudi kwake, mama mkwe alikuwa amepata elimu kubwa kuliko jicho jipya. Alipiga simu karibu kila Jumapili na kutoa taarifa za uchunguzi. Mume wa jirani hanywi, wala mashemeji zake. Mwenyekiti wa chama cha wafugaji, mtu mzima na heshima zake, naye amekiri. Makosa hayakukosekana. Alizisingizia jeni kila kitu, mpaka uvivu wa mjukuu na upara wa mchungaji, na Mwalimu alimsahihisha kwa upole, naye akasahau kwa upole vilevile.

Jumapili moja alizungumza na binti yake kwa muda mfupi tu. Alisema mvua zimeanza, nyasi zimekuwa ndefu, na kwamba asubuhi alikwenda kaburini kwa marehemu kufyeka.

"Ulikwenda peke yako, Mama?"

"Nilitaka kusema naye. Nilimgombeza kwanza, sana tu. Kisha nikamshukuru."

Halafu akauliza kama huko mjini nako kumenyesha.